Bi Mwalimu, kulea nako kunasomewa?

Barua za mwezi huu zimejaa kikapu, na nyingi zinahusu watoto wa chekechea na watu wanaokaa nao. Nimechukua nne. Wa ndoa na wa mashamba mniwie radhi, zamu yenu inakuja.

*

Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 20, naishi Mwandiga. Nilimaliza kidato cha nne nikapata divisheni ya tatu. Tangu mwaka jana namsaidia dada mmoja kwenye chekechea yake, na kazi hii nimeipenda. Nilipomwambia baba mdogo, ambaye ndiye mlezi wangu, kwamba nataka kwenda chuo kusomea watoto wadogo, alicheka mpaka akapaliwa. Akasema: "Uende chuo ukajifunze kuimba na kupangusa makamasi? Mama yako amelea saba, alisomea wapi?" Nilikosa la kumjibu. Huko chuoni hufundishwa nini ambacho mama hakijui? Na mimi niende chuo gani?

Marahaba mwanangu. Baba mdogo ana haki ya kucheka, mradi ada atoe. Mama yako amelea saba, ni kweli, na Mungu amlipe. Lakini hakulea arobaini kwa mpigo, wote wa miaka mitano, kila mmoja na tumbo lake na nyumba yake, kuanzia saa mbili mpaka saa sita mchana, wengine wakilia kwa Kiha na yeye akijibu kwa Kiswahili.

Mimi nilianza mwaka 1987 hapa Ujiji, kwenye baraza ya nyumba ya watu, chini ya mwembe. Sifa yangu ya kazi ilikuwa sauti. Nilikuwa naita mtoto akiwa barabarani anasikia. Nilikuwa pia na fimbo ya mpera, na sitaificha leo kwa sababu ya uzee. Nilidhani darasa zuri ni darasa lililonyamaza, na langu lilikuwa linanyamaza kweli.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mpole, anakaa karibu na nguzo. Nikimwita hageuki. Nikisema "simameni" anasimama wa mwisho, baada ya kuwaona wenzake. Nikitoa hadithi ananikodolea macho mdomoni. Nikisema "leta kijiti" analeta kizibo. Niliandika moyoni kwamba huyu ana kiburi, na kiburi nilikijua dawa yake. Alichapwa mwaka mzima.

Baadaye nikapata nafasi ya kwenda mafunzo ya ulezi. Nikapanda treni pale stesheni ya Kigoma na sanduku la bati na chupa ya mawese aliyonifungia mama, ikavujia kwenye gauni jipya kabla hatujafika Tabora. Chuoni, wiki ya kwanza, mkufunzi wetu aliingia akasema: "Pigeni magoti wote." Tukapiga. "Sasa tembeeni darasani hivyohivyo mpaka niseme basi." Tulitembea kwa magoti dakika kama ishirini, watu wazima, wengine mama wa watoto wanne, tukicheka, kisha hatucheki tena. Ubao ulikuwa mbinguni. Picha za wanyama zilibandikwa mahali ambapo mtoto angeona miguu ya ng'ombe tu. Ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa juu ya meza, na kikombe kiko nyuma ya ndoo. Hilo lilikuwa somo la kwanza, na halikuwa na wimbo hata mmoja.

Somo la pili ndilo lililonitoa machozi. Tulipelekwa kwenye darasa la mazoezi, kila mmoja akapewa mtoto mmoja wa kumtazama dakika kumi na kuandika anachofanya. Mimi nikaandika: "Ni mtundu, hatulii." Mkufunzi akakata kwa wino mwekundu. Akasema utundu hauonekani kwa macho, andika ulichokiona. Nikarudia: "Alisimama mara sita. Mara nne alikwenda dirishani. Dirishani kuna mama anayesonga ugali." Mtoto alikuwa na njaa. Siku hiyohiyo tukafundishwa dalili za mtoto asiyesikia vizuri: anageuza shingo upande mmoja, anatazama midomo, anafuata wenzake badala ya kufuata amri, anajibu kingine. Na kwamba usaha wa sikio unaopuuzwa, ule ambao huku kwetu tunaufuta kwa pamba na kusema "ukikua utaisha", unaweza kumpunguzia mtoto usikivu. Nikamkumbuka wa kwenye nguzo. Alikuwa na pamba sikioni mwaka mzima. Niliiona kila siku, nikadhani ni usafi.

Niliporudi Ujiji alikuwa ameshaingia shule, yuko darasa la pili, amekalishwa nyuma kabisa. Nilikwenda kwa mwalimu wake, nikaenda kwa mama yake, wakampeleka hospitali. Sikio moja lilipata nafuu, jingine lilikuwa limeshachelewa.

Sasa mjibu baba mdogo. Chuoni utasoma jinsi mtoto anavyokua, mwili na lugha na hisia, ili ujue lipi ni la umri wake na lipi ni la kumpeleka kwa daktari. Utajifunza kwa nini mkono hauanzi na penseli: bega kwanza, kisha kiganja, kisha vidole, ndiyo maana mtoto anayefinyanga udongo na kucheza mdako anaandika upesi kuliko aliyeshikishwa kalamu ana miaka mitatu. Utajifunza kuandaa azimio la kazi na andalio la somo kwa vipindi vifupi, kutengeneza zana, kupanga kona za kujifunzia. Utaenda BTP, mazoezi ya kufundisha, ukiwa na mkufunzi amekaa nyuma anaandika, na magoti yatatetemeka. Na ndiyo, utaimba. Wimbo ni zana kama chaki: huo wa kunawa mikono umewekwa urefu ule ili sabuni ifanye kazi.

Kuhusu chuo, kwanza jua unataka mlango upi, maana ni miwili na watu huichanganya. Wa kwanza ni ualimu wa elimu ya awali, ulio chini ya Wizara ya Elimu. Huyu ndiye anayefundisha darasa la awali katika shule ya msingi. Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, mwaka mmoja wa awali ni sehemu ya elimu ya lazima, na toleo la 2023 la sera hiyo limeubakiza, kwa hiyo darasa hilo halitaondoka. Mtaala mpya wa awali ulianza kutumika Januari 2024, kwa hiyo ukiazima madaftari ya dada yako aliyesoma zamani, azima kwa ajili ya mwandiko tu. Mlango wa pili ni ulezi katika vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, walio chini ya umri wa shule. Huo uko upande wa ustawi wa jamii, na kipo chuo kinachojulikana kwa kazi hiyo, Kisangara, wilayani Mwanga mkoani Kilimanjaro. Mbali, najua. Kwa upande wa ualimu tunavyo vya karibu: Kasulu na Kabanga mkoani kwetu, na Chuo cha Ualimu Tabora ukipanda treni. Lakini chuo kuwa karibu hakumaanishi kinapokea wa elimu ya awali mwaka huu. Sifa za kuingia hutangazwa kwa kila muhula wa udahili na zimekuwa zikipanda, basi soma tangazo lenyewe, usisomewe. Na kama ni chuo cha mtu binafsi, kabla ya kulipa hata shilingi ulizia namba ya usajili na uihakiki mwenyewe wizarani au NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Nimeshawapokea hapa barazani mabinti wawili wenye vyeti vizuri, vyenye mhuri na utepe, vya chuo ambacho hakipo.

Wakati unasubiri, endelea kwa huyo dada. Nunua daftari la kurasa 48. Kila siku mtoto mmoja, dakika kumi, andika anachofanya bila kumpa sifa. Ukifika chuo nalo daftari limejaa, mkufunzi wako atakuuliza ulisoma wapi kabla.

*

Mwalimu, pole na kazi. Nafundisha darasa la awali kijijini, wilaya ya Uvinza. Nina watoto 112 kwenye orodha, wanaokuja kila siku hawapungui 90. Chumba kimoja, madawati hakuna, mimi peke yangu. Nimehitimu ualimu wa awali na niliyofundishwa chuoni yalikuwa ya watoto 25. Nifanyeje? Tafadhali usiniambie niwe mbunifu.

Sitakuambia. Hilo neno linatumika siku hizi kumaanisha "huna pesa, na sisi hatukupi".

Uwiano wa serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Kwa hesabu hiyo darasa lako linataka walimu watano. Liandike hivyo kwa mwalimu mkuu, kwa barua, ubaki na nakala. Haitaleta walimu wanne kesho, lakini kikao cha kamati ya shule kitakuwa na karatasi mezani.

Halafu wagawe. Omba kibali uwafundishe kwa zamu mbili: nusu wanaanza asubuhi, nusu wanaingia wenzao wakishakunywa uji. Utachoka, sikudanganyi, lakini hamsini ni watoto na tisini ni mkutano wa hadhara. Kabla ya kukataa zamu, mkuu wako aje akae nawe siku moja nzima. Siku moja tu.

Tafuta msaidizi. Mkoa wetu na Tabora tulikuwa ndani ya EQUIP-Tanzania, mradi wa kuinua elimu ya msingi ulioanza 2014, na vijiji kadhaa vilipata mpango wa utayari wa kuanza shule: kijana wa kijijini mwenye kidato cha nne alipewa mafunzo mafupi, akakaa na watoto kwa hadithi na michezo wiki chache kabla ya darasa la kwanza. Mradi umeisha, vijana wale wengine bado wapo, wanauza vocha. Muulize mtendaji wa kijiji. Aliyewahi kufundishwa kusimulia hadithi kwa watoto hasahau, na wazazi wakichanga kidogo kidogo anaweza kuja siku tatu kwa wiki.

Sasa ya asubuhi. Acha kuita majina. Majina 90 ni nusu saa, na nusu saa ya mtoto wa miaka mitano ni msimu. Kata maboksi, andika kila jina kwenye kipande, chora alama mbele yake, samaki au jembe au jua. Funga kamba tano ukutani, chini, urefu wa kifua chao. Mtoto akiingia anatafuta kipande chake na kukitundika. Vilivyobaki kwenye kikapu ndio hawakuja. Mahudhurio yamekwisha na wote wamesoma majina yao, na wewe hujapaza sauti. Baada ya mwezi futa samaki na jembe.

Kwa kuandika, kila kikundi sinia moja la mchanga, kidole kinatosha. Kwa kuhesabu, vizibo, na kokwa za michikichi, ambazo Kigoma hatujawahi kupungukiwa. Mifuko ya saruji igeuze upande wa ndani uandikie hadithi kwa herufi kubwa. Usiwape watoto wenyewe uongozi wa vikundi. Kuna wanaoshauri hivyo. Mimi nilijaribu: kiongozi wangu wa miaka sita alikuwa anatoza wenzake maembe.

Na jambo moja hukuliuliza. Ukiwaonyesha picha ya ng'ombe na mtoto akajibu "inka", usiseme "kosa". Amejua mnyama, amejua jina, amejibu swali. Mwambie: "Ndiyo, inka. Kwa Kiswahili tunasema ng'ombe." Ukimkosoa mara tatu, mara ya nne hatajibu, nawe utaandika kwenye ripoti kwamba ni mzito wa kuelewa.

*

Asalaam aleikum Bi Mwalimu. Mimi ni kijana wa kiume, miaka 23, wa hapahapa Ujiji. Napenda kufundisha watoto wadogo lakini wenzangu kijiweni wananiita "yaya". Kazi hii inaruhusiwa kwa mwanamume?

Waaleikum salaam. Inaruhusiwa, na inahitajika. Watu wa kijiweni waambie kwamba aliyeanzisha chekechea ya kwanza Ujerumani mwaka 1837, Friedrich Fröbel, alikuwa mwanamume. Wapo watoto wengi katika mji huu ambao baba yuko ziwani au yuko Dar, na mwanamume wa kwanza kuinama na kuwafunga kamba za viatu atakuwa wewe.

Ila wewe utatazamwa kuliko mimi, na usikasirike, wazazi wana sababu zao. Mtoto akitaka kwenda chooni, awepo mtu mzima mwingine anayewaona, mlango usifungwe. Usimpakate mtoto chumbani peke yenu. Usimpeleke mtoto nyumbani peke yako hata mvua ikinyesha, mpigie mzazi simu. Mimi nataka hata wanawake wafuate hayo, kwa hiyo usione umebaguliwa. Jaza fomu.

*

Mwalimu mwenzangu, maana nami naitwa mwalimu sasa. Naishi Kibirizi. Kina mama wa dagaa wanaamka usiku kuwahi mitumbwi, hawana pa kuacha watoto. Nilianza kwa kumshikia jirani mmoja, sasa ninao tisa, wa mwaka mmoja hadi minne, ninakaa nao uani kwangu. Kila mama ananipa pesa kidogo au dagaa. Juzi amekuja afisa akasema kituo hakina usajili, nisimamishe. Nimekosa nini? Ningewaacha ufukweni?

Mwenzangu, hukukosa kwa Mungu. Kwa sheria umekosa, na afisa amefanya kazi yake, japo sijui kama alikaa kidogo akakuelekeza. Sheria ya Mtoto ya 2009 na kanuni zake zinataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe, na mlango wa kuanzia ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Nenda wewe kabla hajarudi yeye. Nenda na wale kina mama wawili watatu wenye midomo, ili ionekane kituo kina watu. Sema unataka kusajili na unataka mafunzo. Tangu Desemba 2021 kuna programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ile wanayoifupisha MMMAM, inayohusu watoto tangu mimba hadi miaka minane. Itaje kwa jina, uulize halmashauri imepanga nini kwa Kibirizi. Ofisini, mtu anayelijua jina la programu huambiwa "karibu ukae".

Watakuja kukagua. Watatazama ua, choo, maji, mahali pa kulala, na wewe mwenyewe una ujuzi gani. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi, kwa hiyo usisubiri chuo cha mbali. Anza na huduma ya kwanza: uliza zahanati nani anaweza kukufundisha kumsaidia mtoto aliyepaliwa. Una watoto wa mwaka mmoja na una dagaa wenye miiba.

Wa mwaka mmoja na wa miaka minne usiwaweke pamoja siku nzima. Mdogo anajifunza kwa mdomo, kila kitu anaonja, na vizibo vya kaka yake vitamwingia kooni. Tandika mikeka miwili. Unapomwogesha mdogo, ongea naye: "nawa mkono huu, sasa huu, maji ya baridi eeh?" Majirani watakuona mwendawazimu. Ndivyo maneno yanavyoingia, miezi mingi kabla hayajatoka. Wakubwa wape kazi ya vidole, kuchambua maharage, kufunga vifungo vya shati kuukuu. Hata dagaa wawachambue, lakini kwa mchezo na kwa muda mfupi; mama akisema wamalize beseni, mkatalie.

Chakula hapo ulipo huna shida kama wa bara. Unga wa dagaa waliooshwa mchanga vizuri, kijiko kwenye uji, na tone la mawese mekundu, yana chanzo cha vitamini A. Mikono kwa sabuni kabla, hasa wewe. Kipindupindu ufukweni kwetu si hadithi ya wazee.

Na ziwa. Uani kwako mpaka maji ni hatua ngapi? Sikukuona, lakini Kibirizi naijua. Weka uzio wa mabanzi, na lango lenye komeo juu ambalo mtoto wa miaka minne hafiki. Kabla ya uzio kuna ndoo. Mtoto wa mwaka mmoja akiinama kwenye ndoo kichwa kinamzidi uzito, hawezi kujiinua, na maji ya kina cha kiganja yanamtosha kumzamisha. Hafanyi hata kelele. Zifunike leo jioni zote, na beseni la kufulia uligeuze.